Mbona wanacheza tu? Mtoto wa awali, daftari tupu na uwanja wa nje

Kila mwaka ikifika kama mwezi wa tatu hivi lile swali linaanza. Shule zimefunguliwa Januari, mtoto kaenda darasa la awali hapo shule ya kijiji miezi miwili mizima, mzazi anafungua begi anakuta daftari lina kurasa tatu tu zimechorwa chorwa, duara, mistari, na kitu fulani ambacho mtoto anasema ni kuku. Ukimuuliza leo mmefanya nini, tumecheza. Jana je? Tumecheza. Afu jirani hapo juu, mtoto wa umri uleule anasoma inglishi midiamu mjini Moshi, gari linamfuata saa kumi na mbili asubuhi giza halijaisha, anaandika mpaka jina la babu yake na siku za wiki anaziimba kwa Kiingereza. Hapo lazima uwaze. Ndo unasikia kwenye kikao, na kwenye grupu la wazazi zaidi maana huko watu hawana aibu, "hivi madam anafundisha au anatulindia watoto tu?"

Mi naona swali ni la haki kabisa, na sipendi vile linavyojibiwa kwa kaulimbiu, kwamba watoto hujifunza kwa kucheza, basi, mzazi rudi nyumbani. Hiyo haijajibu kitu. Maana ukiliangalia vizuri hilo swali ni maswali matatu yamebebana. Kuna la mfumo, yani mtoto wa miaka mitano anatakiwa afundishwe nini na nani. Kuna la mwili na akili, huko kucheza nje kunamfanyia nini mtoto mpaka mtu mzima na diploma yake aseme ni somo. Na kuna la tatu ambalo watu wanazunguka hawalisemi, je hapa kwetu, shule hii hii, watoto wanacheza kwa maana hiyo au wameachwa uwanjani na mwalimu yuko kivulini na simu? Unaweza kuwa na jibu zuri la swali la pili na bado la tatu likawa bovu kabisa. Wengi wanajibu moja wanadhani wamemaliza yote.

Tuanze na mfumo, hapa ntapita haraka. Huku vijijini watu wanaita kila kitu chekechea, lakini ni vitu viwili. Kuna kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, kile ambacho mara nyingi kiko kanisani au nyumbani kwa mtu, hicho usajili wake uko upande wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Na kuna darasa la awali, ambalo kwa shule za serikali limekaa ndani ya shule ya msingi, mtaala wake unatoka Taasisi ya Elimu Tanzania na uendeshaji uko TAMISEMI. Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza, na elimu bila ada ilipoanza 2016 awali nayo ikaingia humo, ndo maana madarasa yalifurika ghafla. Kiwango kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Ukicheka nakuelewa.

Sasa sikia hii maana ndo watu wengi hawaijui. KKK, yani kusoma, kuandika na kuhesabu, ni kazi ya darasa la kwanza na la pili, na mtaala ulioanza 2015 kwa madarasa hayo mawili ulielekezwa huko kwa makusudi. Mtaala wa awali wa 2016 ulikuwa unataja vitu kama kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na dhana za kihisabati. Mtaala ukaboreshwa tena 2023 na kuanza kutumika 2024, ila awali imebaki ni maandalizi, haijageuzwa kuwa darasa la kwanza dogo. Kwahiyo mwalimu ambaye mwezi wa tatu hajamfundisha mwanao kuandika sentensi hajakuibia kitu. Aliyemjazia daftari kwa kumshika mkono ndo amefanya kazi ambayo hakutumwa.

Haya, tuje kwenye mwili, maana hapa pana utamu.

Mkono wa mtoto kwanza. Kwenye kifundo cha mkono kuna mifupa midogo minane, na mtoto akizaliwa karibu yote bado ni gegedu laini, inageuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine kwa miaka, wa mwisho unaweza kusubiri mpaka miaka tisa, kumi au zaidi. Simaanishi kwamba mtoto wa miaka mitano hawezi kuandika, anaweza, wengine wanaandika vizuri tu. Ila nguvu ya mkono inakuja kwa mpangilio, bega linaanza, kiwiko kinafuata, kifundo, vidole mwisho. Mtoto ambaye bega lake halijashiba kazi ukimpa penseli anaishika kwa ngumi yote, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, baada ya dakika tano amechoka analaza kichwa kwenye dawati, afu anaitwa mvivu. Mtoto huyohuyo mpeleke nje aning'inie kwenye tawi la mparachichi, abebe kopo la mchanga kutoka huku mpaka kule, akamue kitambaa kilicholowa, achane majani makavu ya mgomba na kuyasuka kamba, achomoe magugu kwenye kitalu cha mchicha. Yote hiyo ni kazi ya penseli, inafanyika bila penseli. Watoto wa kihamba, yani shamba la nyumbani la Wachaga, zamani walikuwa wanakata na kubeba majani ya ng'ombe wakiwa wadogo sana kwahiyo mikono yao ilikuwa tayari, hakuna aliyelazimika kuwaandalia zoezi. Sa hivi nyumba nyingi ng'ombe hakuna, na mtoto wa mjini kidogo anashinda na simu ya mama.

Pili, na hii ndo mimi binafsi huwa naipenda kuliko zote, ni ule mchezo wa kujifanya. Nenda kwenye kona yoyote ya uwanja wakati watoto wa awali wako nje utakuta wamepika. Tope ni mtori, majani yaliyokatwa katwa ni mboga, kopo ni sufuria, mmoja amekaa pembeni na vizibo vya soda yeye ni mangi wa duka na anakataa kukopesha. Mtu mzima anapita anaona uchafu. Lakini angalia kinachofanyika kichwani, mtoto anajua kabisa lile ni tope, haliwezi kuliwa, na wakati huohuo ameamua na wenzake wote wamekubali kwamba ni mtori. Kitu kimoja kinasimama badala ya kingine. Yule mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky, aliyefariki 1934 akiwa bado kijana, aliliona hili mapema, kwamba mtoto anayepanda kijiti na kukiita farasi ameanza kutenganisha kitu na maana yake. Sasa niambie herufi ni nini kama sio hicho? Kale kamchoro ka "m" hakafanani na mdomo wala mama wala maji, tumekubaliana tu kwamba kanasimama badala ya sauti ya mmm. Mtoto ambaye amekaa mwaka mzima akikubaliana na wenzake kwamba jani ni hela na kijiti ni simu, siku akiambiwa mkunjo huu ni sauti hashangai sana. Ambaye hajapitia hapo anakariri umbo bila kujua ni la nini, ndo wale unakuta anakuimbia a, e, i, o, u vizuri kabisa na ukimwonyesha "o" peke yake kwenye gunia la unga haijui.

Na humohumo dukani kwa mangi ndo hesabu ilipo. Wazazi tunajivunia sana mtoto anayehesabu mpaka ishirini, au hamsini, wageni wakija anaitwa ahesabu. Jaribu hivi leo jioni. Mwekee vizibo saba mezani mwambie ahesabu. Wengi wa miaka minne mitano wataenda moja mbili tatu nne kwa kasi, kidole kinakimbia mbele ya mdomo au mdomo mbele ya kidole, wanafika tisa. Akipatia saba, muulize sasa vingapi? Utashangaa anaanza upya kuhesabu. Yani anajua wimbo wa namba, bado hajajua kwamba namba ya mwisho uliyoitaja ndo jibu la vyote. Hilo halifundishiki ubaoni kwa kuimba pamoja watoto sabini. Linafundishika pale mtu anapomwambia mangi naomba ndizi nne, mangi anatoa tatu, mteja anagoma, wanahesabu tena pamoja, ugomvi, wanahesabu tena. Mwalimu mzuri anafika hapo dakika moja tu, hafundishi, anakuja kama mteja. "Mangi, hizi nilizopewa na alizopewa mwenzangu nani ana nyingi?" Halafu anaondoka. Watoto watapanga ndizi zao za mawe mistari miwili, moja kwa moja, na hapo ndo hisabati imetokea, hakuna daftari litakaloonyesha.

Kuna na kujizuia. Michezo yetu wenyewe imejaa hii kitu, hatukuwahi kuiona kama elimu kwa sababu ilikuwa bure. Kombolela, umejificha, unataka kucheka, unataka kuchungulia, lazima ujizuie, na yule anayehesabu amefumba macho lazima asichungulie hata kama hakuna anayemwona. Rede, unasubiri zamu, unakubali ukipigwa umetoka. Kidali po, kuruka kamba, mdako, yote ina sheria ambazo watoto wenyewe wanazilinda kuliko polisi. Mtoto anayeweza kusubiri zamu ya kamba ataweza kukaa darasa la kwanza akasikiliza maelekezo mawili yanayofuatana, kwamba toa daftari la hisabati, afu andika tarehe. Walimu wa darasa la kwanza ukiwauliza kwa faragha wanataka mtoto wa namna gani, wengi hawatakwambia anayejua kusoma tayari, watakwambia anayesikiliza, anayejua kwenda chooni mwenyewe, na asiyelia kila akiguswa.

Macho nayo, kwa kifupi. Watoto wanaoshinda ndani wanapata zaidi tatizo la kutoona mbali. Kule Guangzhou nchini China walijaribu kitu rahisi tu, shule kadhaa zikaongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza, zingine zikaendelea kama kawaida, baada ya miaka mitatu waliopata tatizo kwenye shule zilizoongeza muda walikuwa asilimia 30.4 na zile zingine 39.5. Matokeo yalitoka 2015. Mwanga wa nje hata chini ya mti ni mkali mara nyingi kuliko wa ndani ya darasa, na madarasa yetu mengine yana vidirisha viwili na nondo. Na Shirika la Afya Duniani 2019 lilitoa mwongozo kwamba watoto wa miaka mitatu na minne wapate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, 60 kati ya hizo za kuhema kabisa, na wasikae wamebanwa sehemu moja zaidi ya saa moja mfululizo. Saa moja mfululizo. Fikiria mtoto anayetoka Kibosho kwenye gari saa kumi na mbili kwenda mjini, akifika anakaa kwenye kiti.

Sasa msinielewe vibaya hapa. Kuna upande wa pili wa hii habari ambao watu wa "waacheni wacheze" hawapendi kuusema.

Kule New Zealand watafiti walilinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka mitano na wale walioanza saba, wakakuta wakifika kama miaka kumi na moja hivi tofauti ya kusoma imeisha. Finland nao wanaanza shule miaka saba na dunia nzima inawasifia. Watu wanachukua hiyo wanaileta kijijini kwetu kama ilivyo, na hapo ndo mi nakataa. Mtoto wa New Zealand aliyechelewa kufundishwa kusoma alikuwa nyumbani kuna vitabu, anasomewa hadithi usiku, kila anapogeuka kuna maandishi. Nyumba nyingi za huku juu mlimani kuna Biblia, kalenda ya chama au ya benki, na madaftari ya kaka yake. Basi. Mtoto huyu akipata uwanja tu bila hadithi, bila kuonyeshwa jina lake limeandikwa, bila kitabu cha picha hata kimoja cha kugombania, huko darasa la kwanza ataumia, na uwanja hautamsaidia. Kwahiyo awali ya kijijini ina mzigo mara mbili, lazima itoe mchezo na lazima itoe maneno. Vitendawili, hadithi ya sungura na fisi chini ya mti, kupiga makofi silabi za majina ya watoto, ka-li-sti, ne-e-ma, kuandika kibao "DUKA" pale kwa mangi na "CHOO" kwenye mlango wa choo ili wakutane na maandishi yanayofanya kazi. Hiyo yote inaweza kufanyika nje. Na ukienda upande wa Monduli huko Arusha ambako mtoto anakuja shule anajua Kimaasai tu, mchezo ndo mahali pa kwanza Kiswahili kinamwingia, kwa sababu anakihitaji ili apewe zamu ya bembea.

Ndo tunafika kwenye lile swali la tatu. Utajuaje?

Mi nakushauri usiulize mwalimu anaamini nini kuhusu michezo, kila mtu ana hotuba. Nenda siku moja saa tatu na nusu asubuhi ukasimame nusu saa. Angalia kwanza mwalimu yuko wapi na macho yake yako wapi. Hatakiwi kuwa anaongoza kila kitu kwa filimbi, hiyo ni gwaride. Ila anatakiwa awe anazunguka, anainama, anauliza, anajua nani hajacheza na mtu yeyote tangu asubuhi. Angalia kama kuna kitu cha kuchezea kilichopangwa kabla watoto hawajatoka, hata kama ni marundo matatu tu, la mchanga, la makopo, la mabua na vijiti, au kama watoto wametolewa tu kwenye kiwanja cheupe wakimbizane mpaka kengele. Muulize mtoto wa fulani anapenda kucheza nini siku hizi. Mwalimu anayeangalia atakujibu palepale, tena na vituko. Asiyeangalia atasema "wote wanapenda mpira".

Na kuhusu mpira, hapo kuna jambo. Ukiacha uwanja bila mpango wavulana wakubwa wanauchukua wote katikati na wasichana wanabaki ukutani, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni maana nyumbani hakuna wa kuwaachia. Mbaya zaidi uwanja ni wa shule nzima, mapumziko ya darasa la sita yakigongana na ya awali wale wadogo wanakanyagwa, ndo unakuta mwalimu wa awali anaamua bora wabaki ndani. Hilo linatatuliwa na ratiba tu, wadogo watoke kabla ya kengele ya wakubwa, na kauzio kadogo upande mmoja, masale, ile mimea ya kuotesha mipakani, yanatosha kabisa, kila kihamba yapo na hayana bei.

Suala la watoto sabini mwalimu mmoja sitajifanya lina jibu jepesi. Kilichopo ni kwamba ndani ya darasa watoto sabini hawawezekani kwa namna yoyote, utawaimbisha na kuwanyamazisha mpaka saa tano. Nje angalau wanagawanyika. Sehemu ambazo nimeona inaenda, kuna mama au bibi wawili watatu wa kijiji wanaopokezana kuja asubuhi, sio kufundisha, ni macho ya ziada na kusaidia uji, mwalimu anabaki na kundi moja dogo la hadithi au la kuhesabu na mengine yanacheza, wanabadilishana. Bila hao wasaidizi unamwomba mwalimu mmoja muujiza kila siku.

Uji nao usiusahau. Mtoto mwenye njaa hachezi, anakaa. Ukiona saa nne watoto wengi wamekaa tu juani wametulia usisifie nidhamu.

Vifaa sasa, maana hapa hela zinaliwa. Zile bembea na za kuteleza za plastiki za rangi zinavutia kwenye picha za wafadhili, ila jua letu linazikausha zinapasuka, na ikiharibika fundi hakuna. Za bati ni mbaya zaidi, saa sita unaweza kumchoma mtoto mapaja. Matairi chakavu, kamba nzuri, magogo ya mgrevilea yaliyokatwa urefu tofauti ya kurukia, mchanga wa mto, haya yanadumu na mtoto anaweza kuyageuza kuwa kitu kingine, na hilo ndo kubwa, maana bembea ni bembea siku zote lakini gogo leo ni basi la Marangu kesho ni ng'ombe. Ukitumia matairi kagua waya zilizochomoza, na yatoboe matundu chini maji yasituame, la sivyo umefuga mbu. Makopo gonga kingo zote zile kali ziingie ndani.

Afu zunguka uwanja na ufyeke kwa akili. Nyonyo ng'oa yote, zile mbegu zenye madoa watoto wanazipenda sana kuchezea na zina sumu kali. Uzio wa minyaa kama mko tambarare huko Kahe au upande wa Kisongo, ule utomvu mweupe ukiingia machoni ni hospitali, kwahiyo usiwe karibu na mahali pa kuchezea. Shimo la choo cha zamani ambalo halijafukiwa, mfereji wenye maji ya kasi, korongo, barabara ya bodaboda, hivyo ndo vya kuzuia kwa nguvu zote. Ila mti mfupi wa kupanda, ukuta wa kuruka kimo cha kiuno, kukimbia mteremko, hivyo viacheni. Kuna mtafiti wa Norway anaitwa Ellen Sandseter ambaye 2007 alipanga aina sita za michezo ya hatari ambayo watoto wanaitafuta wenyewe, urefu, kasi, zana, maji na moto, mieleka, na kujificha mbali na wakubwa. Tofauti ni kwamba urefu wa mti mtoto anauona na anaupima, anasita, anashuka. Shimo lililofunikwa na majani haoni. Ndo kazi ya mtu mzima, kuondoa asichokiona na kukaa karibu na anachokiona.

Wasiwasi wa bibi ni udongo, na bibi ana pointi. Minyoo ipo, funza wapo, kipindi cha kiangazi hasa. Jibu lake ni viatu, hata yeboyebo, dawa ya minyoo pale inapogawiwa shuleni msimkatalie mtoto, na kibuyu chirizi, yani kidumu cha maji ya kunawa kinachoning'inizwa, na sabuni kati ya uwanja na uji, papo hapo njiani, sio nyuma ya ofisi ambapo hakuna atakayeenda. Pepopunda iko kwenye chanjo za utotoni kwahiyo angalieni lile kadi la kliniki limekamilika. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku juu ni kali kweli, ukungu mpaka saa nne, hapo wavae sweta na watoke baadaye kidogo, kutoka wanatoka. Mvua kubwa tumieni baraza.

Kuna wazee husema sisi tulicheza bila mwalimu wala mtaala na tumekua. Kweli. Ila mlicheza na kaka na dada wakubwa waliowafundisha sheria za mchezo, mkiwa na miaka mitano mpo na wa miaka tisa siku nzima, vihamba havijakatwa vipande vidogo, pikipiki hazipiti. Mtoto wa leo amekusanywa na wenzake wa umri mmoja, hakuna anayejua kombolela zaidi ya mwenzake, kwahiyo yule dada mkubwa aliyekosekana inabidi awe mwalimu. Wazee wenyewe wangeweza kualikwa asubuhi moja moja wafundishe mdako, naamini wangekuja, tatizo hakuna anayewaita.

Na mtoto mwenye ulemavu asiachwe barazani awe mtazamaji. Njia ya udongo iliyoshindiliwa vizuri kutoka darasani mpaka kwenye mchanga, na meza ya mchanga iliyonyanyuliwa ili mwenye kiti cha magurudumu aifikie, hiyo ni kazi ya msaragambo, yani kazi ya pamoja ya kijiji, wa siku moja.

Limebaki la sare. Hili ni dogo lakini ndo linaua mchezo wa nje kuliko mtaala wowote. Mwalimu akirudisha mtoto shati jeupe lina tope anapigiwa simu usiku, akipigiwa mara tatu anawaweka watoto ndani, simple tu, yeye nae ni binadamu. Kwahiyo kwenye kikao cha kwanza cha mwaka kubalianeni watoto wa awali wawe na nguo ya kuchezea, fulana ya zamani na kaptula, inakaa shuleni kwenye mfuko wenye jina lake, Ijumaa inarudi kufuliwa. Iandikwe kabisa kwenye mihtasari, na mwalimu mkuu asaini, ili mzazi atakayepiga simu asomewe.